Aliyebonyeza Bila Kuangalia

Nilimchukia mtu kwa wiki tatu nikiwa nimekaa kwenye kiti kimoja, na msidhani ni kazi ndogo. Wengine wakichukia hutoka, huzunguka mtaa, hukutana na watu, wakapoa. Mimi sitoki. Chuki yangu ilikaa nami sebuleni, ikala wali nami, ikalala kwenye kochi lile lile, ikaamka imenenepa. Mama alipita na ufagio, akaniambia niinue miguu, akafagia chini yangu kama anavyofagia chini ya kabati.

"We mutoto," akasema, "hata kabati kuna siku tuliihamisha."

Nyumba yetu iko mtaa wa Buyenzi, kwenye barabara ambayo asiyeuza vipuri anavifunga, na asiyevifunga anabishana na aliyevifunga. Nilimaliza sekondari, nikaishia hapo. Kutengeneza kurasa za mtandao nilijifunza kwa simu, kwa video za watu wanaosema haraka kama wanadaiwa pumzi, na kompyuta ya kwanza niliyoipata ilikuwa na herufi tatu zisizobonyezeka. Hata hivyo kampuni moja ndogo yenye ofisi mtaa wa Kigobe ilinichukua. Ofisi ile ina viti vya kuzunguka, vizuri sana. Niliviona mara mbili. Kazi nilifanyia nyumbani, kwa sababu ambazo mbele ya shefu, yaani bosi wetu, niliziita za kiufundi.

Tulikuwa watatu: shefu, mimi, na yule. Yule alikuwa na diploma ya chuo kikuu, na ilimtoka mdomoni kama chafya, ghafla, hata tukiwa tunazungumzia mvua. Humu nitamwita mwenzangu, kwa kuwa jina ninalotaka kumwita Mama amelikataza nyumbani kwake.

Kazi yetu kubwa ilikuwa tovuti ya maduka ya vipuri ya Buyenzi. Mtu yuko Kinama, upande mwingine wa mji, taa ya gari lake imevunjika. Anafungua simu, anaandika taa, anaona kadi: picha ya taa, jina la duka, na chini yake kitufe kilichoandikwa "Niwekee". Akikibonyeza, mwenye duka anapata ujumbe na kuiweka taa pembeni mpaka mteja afike. Basi. Lakini wenye maduka ni watu wa kushika kitu mkononi na kukigonga kwa kucha. Walikubali kuingia kwenye tovuti kwa neno la mtu mmoja, mzee anayeuza giaboksi, aliyefanya kazi miaka mingi bega kwa bega na marehemu baba yangu.

Baba alikuwa fundi wa injini. Mzee wa giaboksi hakuwahi kuniita kwa jina. Aliniita mwana wa fundi. Mtaani kwetu kuitwa hivyo kulinifungulia milango ambayo diploma ingebisha hodi mpaka jioni. Aliwaambia wenzake: "Huyu ni mwana wa fundi. Hatatuharibia." Wakaingia wote.

Niseme jambo moja la baba, maana bila hilo kazi yangu haielezeki. Alipofungua injini alichukua katoni ya mafuta, akachora juu yake kwa kalamu umbo la kifuniko cha injini, akatoboa matundu, na kila bolti aliyoifungua akaichomeka kwenye tundu lake: ya kushoto juu hapa, ile ndefu ya katikati hapa. Injini ingekaa wazi wiki nzima ikisubiri kipuri, na bado kila bolti ingerudi kwao. Siku moja aliletewa gari lililokuwa limefunguliwa na fundi mwingine kabla yake. Akaweka katoni kwa uaminifu, akarudisha bolti kwa uaminifu, na mafuta yakavuja kwa uaminifu kama yalivyokuwa yakivuja siku lilipoletwa. Fundi wa kwanza alikuwa ameshazichanganya. Baba alijicheka mpaka akakaa chini. "Katoni inaniambia bolti ilikuwa wapi," akasema. "Hainiambii kama ndiko kwake."

Majaribio ya picha, yale wenyewe wanayoyaita snapshot, ni katoni ya baba. Ukurasa wa mtandao hujengwa kwa vipande: kadi, kitufe, kisanduku cha kutafutia. Mimi naiagiza mashine ijenge kipande kimoja na kukipiga picha. Si picha ya macho, ni maelezo ya maandishi: hapa pana kisanduku, ndani yake picha ya taa, chini jina la duka, chini yake kitufe chenye neno hili. Maelezo hayo yanahifadhiwa. Kesho mtu akigusa chochote, mashine inajenga kipande upya na kukilinganisha na picha ya zamani, mstari kwa mstari. Vikifanana, kijani. Visipofanana, nyekundu, na inakuonyesha: mstari uliotoka una alama ya kutoa, mstari ulioingia una alama ya kujumlisha. Kisha inakungoja. Ni kosa? Rekebisha. Ulikusudia? Bonyeza herufi u, na picha mpya inachukua nafasi ya ile ya zamani.

Ugomvi wetu wote uko kwenye herufi hiyo. Kuibonyeza hakuchukui hata pumzi moja. Kuangalia kwanza ndiko kunakotaka makalio, na makalio ya kukaa ninayo mimi.

Ijumaa moja mwenzangu alikuwa anazipamba kadi. Alizipinda kona, kwa kuwa kona kali, alisema, ni za zamani. Alikuwa na harusi ya kuwahi. Majaribio yakawa mekundu mengi, kama ilivyotakiwa, maana kila kadi ilikuwa imepinda kona. Katikati ya wekundu ule halali palikuwa na mstari mmoja wenye alama ya kutoa: kwenye kadi za okazi, kitufe cha "Niwekee" kilikuwa kimetoka. Okazi ni kipuri kilichotolewa kwenye gari jingine. Sasa niambieni, Buyenzi nani anauza kisicho okazi? Mwenzangu alibonyeza u. Vyote vikawa kijani. Akaenda kwenye pilau.

Kwa siku nne watu waliona vipuri kwenye simu zao wasione pa kuviomba. Wenye maduka wakadhani wateja wamekimbia. Mzee wa giaboksi alijua pale mteja wake wa Kinama alipomtokea dukani kwa miguu, ana hasira: "Muzee, kwa simu yako buto haiko! Nibonyeze wapi, kwa kioo?" Buto kwetu ni kitufe, na ni kifungo cha shati pia.

Shefu akaitisha kikao. Wao wawili walikuwa mezani Kigobe; mimi nilikuwa sauti ndani ya simu iliyolazwa kati ya vikombe vyao.

"Ni nani?" shefu akauliza.

"Shefu, majaribio yote yalikuwa kijani," mwenzangu akasema kwa upole wa daktari. "Na majaribio aliyaandika nani?"

"Yeye," shefu akajibu.

"Basi."

Nilisema kuna historia, kila badiliko linaonyesha mkono uliolifanya, lifunguliwe tu. Shefu akavuta pumzi. "Mi sitaki historia, mi nataka amani. Na we hata hauonekane ku biro, hapa ku ofisi."

Kisha akashuka mwenyewe Buyenzi kuwaomba radhi wafanyabiashara, na kwa roho safi kabisa akawaambia kosa ni la yule wa nyumbani. Kufikia alasiri barabara yote ilikuwa na habari hiyo. Nilipotoka kununua mkate, na mjue nilitoka kwa sababu Mama aligoma, fundi mmoja alitoa kichwa chini ya gari: "Ee, mukubwa wa buto! Na za shati yako ziko zote?" Mwingine akamjibu kutoka ndani ya gereji: "Angalia na za suruali!"

Hayo niliyabeba. Lisilobebeka lilikuja baada ya sala ya Ijumaa. Mzee wa giaboksi alinipa mkono mlangoni pa msikiti huku anatafuta viatu vyake kwa macho, akasema: "Salaam aleikum, kijana."

Kijana! Mtaa wetu umejaa vijana.

Wenye maduka walipanga kukutana baada ya wiki tatu, waone tovuti iliyorekebishwa na kuamua kama wanabaki au wanatoka. Shefu aliamua mwenzangu ndiye atakayeionyesha, na kazi yangu yote ipite kwanza mikononi mwake aikague. Wafanyabiashara wale wakiondoka, wangeondoka wakijua ni mimi niliyewaharibia, na ningebaki kijana mpaka ndevu ziwe nyeupe. Baba angekuwa fundi asiye na mwana.

Ndipo nikakaa kuchukia, kama nilivyoeleza. Siku tatu kabla ya mkutano chuki ikazaa wazo.

Kwenye nakala ya tovuti iliyoandaliwa kwa mkutano, nakala ambayo wateja hawaioni, niligusa kadi ya okazi. Mahali pa neno "Niwekee" niliandika: "Aliyepitisha kadi hii hakuiangalia." Juu yake nikarekebisha vitu vidogo vingi, nafasi hapa, rangi pale, ili wekundu uwe mwingi. Nikamtumia akague.

Sikumfungia mlango. Sentensi yangu ilikuwa mle kwenye wekundu, nzima, na alama yake ya kujumlisha pembeni. Mtu yeyote anayesoma angeiona, angenipigia simu na kunitukana, na matusi yangekuwa haki yangu. Nilimimina chai. Niliweka sukari. Kabla haijapoa, kijani. Alikuwa amebonyeza.

Nilicheza ngoma nikiwa nimekaa. Mama akachungulia kutoka jikoni.

"Unacheka na nani?"

"Na kazi."

"Kazi gani inachekesha? Ya watu wengine inachokesha."

Siku tatu nilinyamaza, na zilikuwa siku tamu. Nilikula vizuri. Nilipanga hata shati la mkutano.

Mkutano ulifanyika dukani kwa mzee wa giaboksi, mchana. Toka kwetu ni hatua mia mbili. Nilizitembea zote, na viatu. Watu walikaa juu ya viti vilivyong'olewa kwenye magari, wengine juu ya ringi. Mama mmoja anayeuza taa alikuwa analalamika tangu nafika: "Watu wa Kinama, wallahi, hawajui kushoto yao. Mutu anaomba taa, namuwekea, anakuja, anasema si hii, anataka ya ule upande ingine!" Wakacheka. Mimi pia nilicheka, kwa sauti.

Mwenzangu alikuja na skrini kubwa ya kuazima na shati lililopigwa pasi mpaka linasimama lenyewe. Alizungumza vizuri, sitamnyima hilo. Alitaja kona zilizopinda. Alitaja usalama. Mwisho akasema lile nililokuwa nimeliwekea shati: "Na majaribio yote ni kijani."

"Fungua giaboksi yangu," mzee akasema.

Ilikuwa okazi. Akaifungua. Mama wa taa alikuwa karibu na skrini kuliko wote, na ni mtu wa kusoma kwa sauti, silabi kwa silabi, kama anachambua mchele.

"A-li-ye-pi-ti-sha ka-di hii... ha-ku-i-a-nga-lia."

Ringi moja ikaanguka kwa sababu aliyeikalia alikuwa anacheka.

"Ni yeye ameandika!" mwenzangu akapaza sauti, kidole kwangu.

"Ndiyo, niliandika," nikasema. Nilikuwa nimejizoeza sebuleni. "Na nani amepitisha?"

Shefu alitazama skrini, akanitazama mimi, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akaitaka historia. Nikaifungua mbele ya wote. Hii hapa ya siku tatu zilizopita: jina lake. Turudi nyuma, Ijumaa ile, kitufe cha "Niwekee" kinatoka: jina lake. Herufi ile ile, mkono ule ule. Mafundi waliokuwa mlangoni wakampigia makofi yasiyo ya heshima. "Ee, mwenye diploma! Na macho mulisoma mwaka gani?" Shati lake likalegea peke yake. Nataka niwe mkweli: nilikuwa na furaha ambayo nadhani ina dhambi, na bado ninayo kidogo.

Nilimgeukia mzee ili nipokee jina langu. Alikuwa hacheki.

"We ulijua?"

"Nilijua, mzee."

"Toka lini?"

"Siku tatu."

"Siku tatu unajua kadi yangu iko mbovu, na unakula wali."

"Wateja hawakuiona, mzee. Ni nakala tu ya..."

"Apana. Mi nimeiona. Batu yangu bameiona, kwa duka yangu." Alinyoosha kidole kwa mwenzangu. "Huyu hakuangalia." Akakileta kwangu. "We uliangalia, ukanyamaza. Sasa mi nifukuze nani, kijana?"

Kijana. Tena hadharani.

Walishauriana pembeni, yeye na wenzake, muda wa kunywa chai. Uamuzi ulikuwa huu: wanabaki. Lakini kila Jumanne asubuhi sisi wawili tuje dukani kwake, tukae pamoja, na hakuna atakayebonyeza u kwa kazi yake mwenyewe. Yangu aibonyeze yeye, yake niibonyeze mimi, na kabla ya kubonyeza mistari yote isomwe kwa sauti, wenye maduka wasikie.

"Hata mabadiliko madogo, mzee?" mwenzangu akauliza.

"Kitufe ilikuwa kubwa?"

Shefu akakubali papo hapo. Yeye alitaka amani, na amani ilikuwa imepatikana mbali na ofisi yake.

Hivyo ndivyo ushindi wangu ulivyonitoa nyumbani. Tulipewa kiti cha nyuma cha gari kuukuu, kimewekwa kati ya giaboksi mbili, na kinalalia upande mmoja, kwa hiyo mtu mwenye chuki anajikuta kila baada ya dakika tano ameteleza mpaka kwenye bega la adui. Mwenzangu husoma mistari yangu kwa sauti ya mwalimu mkuu. Mimi, kidole chake kikisogea upande wa u mapema, nakohoa. Ameshanieleza kuwa kifua changu kinamtia wasiwasi. Nimemwambia kitapona siku atakapojifunza kusoma. Mama anasema nimepata rangi usoni, na Jumanne anafagia sebule kwa kujinafasi.

Jumanne moja mwenzangu alikwenda kuchukua chai. Majaribio yalikuwa kijani yote, na mimi, kwa uvivu tu, nikafungua picha zenyewe zilizohifadhiwa nikawa nazisoma, zile za zamani ambazo hakuna aliyezigusa tangu mwanzo. Nikafika kadi ya taa. Jaribio lilisema: jenga kadi ya taa ya kushoto. Picha iliyohifadhiwa ilisema: Kulia.

Nikaisoma tena. Kadi ilikuwa inageuza upande tangu siku ya kwanza, na siku hiyo ya kwanza aliyepiga picha na kuipitisha nilikuwa mimi, na tangu hapo mashine imekuwa ikithibitisha kila siku kwamba kosa langu liko salama mahali pake. Nilimsikia baba anacheka. Halafu nikawakumbuka watu wa Kinama, maskini, wanaojua kushoto kwao vizuri sana.

Kurekebisha kulikuwa neno moja. Nikalirekebisha. Jaribio likawa jekundu, linangoja. Mwenzangu hayupo, mzee ameinama nyuma kwenye shehena yake, mbele yangu herufi u. Pumzi moja na isingejulikana.

Ningependa kusema ni uadilifu ulionizuia. Ni kwamba nilimwona mwenzangu, miezi ijayo, akifungua historia na kulikuta jambo hili peke yake, kimya kimya, akaliwekea shati na kulingojea siku. Furaha hiyo naijua. Sikuwa tayari kumpa.

"Mzee!" nikapiga kelele. "Taa ya kushoto inaandikwa kulia! Tangu mwanzo! Na ni mimi niliyeipitisha!"

Chuma kikalia huko nyuma. Kichwa chake kikatokea juu ya giaboksi.

"Mwana wa fundi, punguza sauti! Mama wa taa atasikia!"

Alikuwa ameshasikia. Duka lake linatazamana na letu, na alianza kuvuka barabara akiwa na taa mkononi, sijui ya upande gani. Lakini mimi pia nilikuwa nimesikia: mwana wa fundi. Mzee mwenyewe nadhani hakujua amesema nini, alirudi kuinama.

Mwenzangu akaingia na vikombe viwili. Akaona wekundu, akaona uso wangu, akakaa taratibu kama mtu anayekaribishwa kwenye harusi, na kiti kikatutelezesha pamoja. Akaweka kidole kwenye mstari wenye alama ya kutoa.

"Ku-lia," akasoma. Akanigeukia. "Samahani, sikusikia vizuri. Picha hii alipitisha nani?"

"Mimi."

"Nani?"

Mama wa taa alikuwa ameshafika mlangoni. Mwenzangu akarudi juu kabisa, mstari wa kwanza, aanze upya ili naye asikie. Alikuwa na haki hiyo, na asubuhi yote mbele yake. Mimi nilichukua chai yake nikanywa, kikombe cha kwanza, kisha cha pili, na vilipokwisha alikuwa ndiyo kwanza amefika kwenye mstari wa kitufe, bado anasoma.